Talaka Imetoka, Nyumba Inauzwa: Kodi Analipa Nani?

Hakimu anaposoma hukumu ya mgawanyo wa mali za ndoa, masikio ya wote waliomo chumbani hutegea asilimia tu. Nusu kwa nusu, sitini kwa arobaini, au mmoja abaki na nyumba na mwenzake achukue shamba na gari. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kuamuru mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja zigawanywe, au ziuzwe na fedha zake zigawanywe. Kinaitaka itazame mila za wanandoa hao, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo, kisha ielekee kwenye usawa.

Kodi haimo katika orodha hiyo. Huibuka baadaye, wahusika wakishafika ofisi ya ardhi kuhamisha hati na kuambiwa kwamba Msajili wa Hati hawezi kusajili lolote mpaka aone cheti cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kinachoonyesha kwamba kodi ya ongezeko la mtaji imelipwa au haipo ya kulipwa. Hapo ndipo watu ambao walidhani wamemaliza ugomvi huanza mwingine.

Wengi wanaijua kodi hii kama jambo la madalali na wafanyabiashara wa viwanja. Lakini humfuata pia mwalimu, muuguzi na dereva ambaye maisha yake yote amejenga nyumba moja. Haitozwi kwenye bei ya kuuzia bali kwenye faida: unachukua bei uliyouzia, unatoa ulichonunulia kiwanja, ulichojengea, ulichokarabatia, na gharama za mauzo yenyewe kama vile ada ya wakili na ujira wa dalali. Kinachobaki, mkazi wa Tanzania hulipia asilimia 10.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni. Kiwanja kilinunuliwa mwaka 2008 kwa shilingi milioni 8, ujenzi ukala milioni 52 kidogo kidogo, na leo mnunuzi yuko tayari kutoa milioni 180. Ukiweka kando ada za wakili na dalali, gharama ni milioni 60, faida milioni 120, kodi milioni 12. Maana yake ni kwamba wanaogawana nusu kwa nusu hawagawani milioni 180, wanagawana 168. Na kama hati ina jina la mume peke yake, TRA itamdai mwenye jina. Hukumu ikisema mke alipwe “nusu ya thamani ya nyumba”, atadai milioni 90 zake na mume atabaki na 78. Ikisema “nusu ya fedha zitakazobaki baada ya kodi na gharama za mauzo”, kila mmoja atapata 84. Maneno machache ndani ya hukumu, na milioni 6 zimehama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Nimeona ni ajabu kubwa kwamba watu hubishana miaka kuhusu nani alinunua kabati la vyombo, halafu sentensi hii ikapita bila mtu kuigusa.

Kuna msamaha, na ni vizuri usemwe sawasawa kwa sababu mitaani unasimuliwa nusu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaiacha nje ya kodi nyumba ya kuishi ya mtu binafsi ikiwa ameimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi na ameishi humo, mfululizo au kwa vipindi, jumla ya miaka 3 au zaidi. Mpaka hapo wengi wangepona. Hata aliyefungasha virago na kuondoka ndoa ilipovunjika hapotezi miaka aliyokwisha kuishi, kwa kuwa sheria haikusema lazima iwe ile ya mwisho. Tatizo liko kwenye sharti linalofuata: msamaha unakoma faida ikizidi shilingi milioni 15. Na ikizidi, haitozwi ile ziada peke yake. Mwenye faida ya milioni 15 halipi kitu. Mwenye faida ya milioni 16 analipa milioni 1.6.

Mwaka 2004 dola moja ya Marekani ilikuwa takribani shilingi 1,100, hivyo milioni 15 zilikaribia dola 14,000. Leo hazifiki dola 6,500. Saruji, nondo, bati na kiwanja vimepanda bei, mji umesogea mpaka ulipokuwa pori, lakini kile kiwango kimebaki pale pale. Sheria haipunguzi mfumuko wa bei wakati wa kukokotoa faida, kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachoitwa faida kwenye nyumba ya miaka mingi ni shilingi kupungua nguvu tu. Kwa wanandoa wanaoachana jambo hili lina uchungu wa pekee. Wao hawakuamua kuuza kwa sababu soko ni zuri. Wanauza kwa sababu fungu la mmoja haliwezi kumlipa mwenzake, na fedha watakayopata kila upande ni ya kuanzia maisha upya, pengine kiwanja kimoja mbali zaidi na chumba cha kupanga wakati wa kujenga.

Jambo linalonigusa zaidi, hata hivyo, si kiwango. Ni namna sheria mbili za nchi moja zinavyoipima nyumba ile ile.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri ambalo kila mwanafunzi wa sheria hulijua kama kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali za ndoa. Ulikuwa uamuzi mkubwa. Mwanamke aliyeamka alfajiri kuwapikia mafundi, aliyebeba maji ya kumwagilia tofali, aliyekaa na watoto ili mwenzake asafiri kikazi, alitambuliwa kuwa naye amejenga. Tangu hapo mtu hawezi kusimama mahakamani akasema mke hana chake kwa sababu hakuwa na mshahara.

Ukitoka mahakamani ukaenda kwa mkadiriaji wa kodi, jasho hilo linatoweka. Gharama ya nyumba kwa macho ya kodi ni fedha iliyotoka na ikaacha karatasi: mkataba wa mauziano, risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, hati ya malipo ya fundi, kibali cha ujenzi, ripoti ya mthamini. Kazi ya mikono isiyolipwa haina risiti, na isiyo na risiti haipunguzi faida. Kadiri familia ilivyojibana na kufanya kazi nyingi kwa mikono yake, ndivyo gharama inavyoonekana ndogo, faida kubwa na kodi nzito. Jasho la mke limempa haki ya fungu, lakini halipunguzi hata shilingi kwenye kodi ya fungu hilo.

Na zile karatasi zenyewe ziko wapi? Ndoa ikivunjika, faili la nyumba kwa kawaida liko mkononi mwa mmoja. Sheria imefungua njia kwa mkazi asiye na kumbukumbu za gharama: atozwe asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kwa nyumba yetu ya Kigamboni hiyo ni milioni 5.4, chini ya nusu ya ile milioni 12. Lakini njia hii haikuwekwa ili mtu achome risiti alizonazo, na si kila mara inampa nafuu anayeitumia. Nyumba iliyogharimu milioni 150 ikauzwa 180 ina faida ya milioni 30 na kodi ya milioni 3 tu. Anayenyimwa faili na mtalaka wake atalipa milioni 5.4 kwa nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo wakili anayeomba mahakama iamuru nyaraka za ujenzi zitolewe anatetea fedha ya mteja wake, na ombi hilo linafaa kutangulia asilimia.

Mpaka sasa nimezungumzia nyumba inayouzwa kwa mtu wa nje. Lakini mara nyingi mmoja hubaki nayo, hasa aliye na watoto, na mwenzake huchukua vitu vingine. Sheria ya Kodi ya Mapato inalitambua hilo. Mali ikihamishwa kwa mwenza au mtalaka kama sehemu ya makubaliano ya talaka, au ya kutengana kwa nia njema, inaweza kupita bila kodi siku hiyo. Anayetoa anahesabiwa kwamba ameitoa kwa ile gharama yake ya awali, hana faida wala hasara. Anayepokea anahesabiwa kwamba ameipata kwa gharama hiyo hiyo.

Sentensi hiyo ya mwisho isomwe mara mbili. Anayepokea nyumba hapokei kuta na paa peke yake. Anapokea na historia yake ya kodi. Mke akibaki na nyumba ya Kigamboni, kwenye vitabu vya TRA hakuipata kwa milioni 180 za leo. Ameipata kwa milioni 60 za zamani. Akiiuza baada ya miaka mitano kwa sababu mtoto amepata chuo, atalipa kodi ya ongezeko lote tangu siku ya kwanza, pamoja na lile lililokuwa fungu la mwanamume aliyekwisha kuondoka. Sasa weka upande wa pili mwenzake aliyechukua milioni 180 zilizokuwa benki. Fedha ya benki haina faida iliyojificha ndani, akiitoa ni ile ile. Karatasi ya mgawanyo inasema 180 kwa 180, na hakimu ameona usawa. Kwa kweli mmoja ana 180 na mwingine ana 168.

Lakini sheria imeweka kitu kimoja mkononi mwa anayepokea. Unafuu huu haujileti. Unahitaji uchaguzi wa maandishi, na anayeuchagua ni yule anayepokea mali. Asipoandika, anayehamisha anabaki na hatari ya kuhesabiwa kwamba ameuza, akadaiwa kodi wakati hajapokea shilingi. Barua hiyo ya uchaguzi basi ina thamani kwa anayetoa nyumba, na mwenye kuiandika ana haki ya kuuliza anapata nini kwa kuubeba mzigo wa kodi ya kesho. Anaweza kudai fungu lake liongezwe, au mkataba useme kwamba nyumba ikiuzwa ndani ya miaka kadhaa mtalaka wake atachangia sehemu ya kodi. Nasikitika kuiona ikitiwa saini pamoja na karatasi nyingine kumi siku moja, mtu akiwa amechoka na anataka tu kwenda nyumbani.

Kenya njia ni nyingine, na huko anayeumia ni mtu mwingine.

Kodi hii ilisimamishwa Kenya mwaka 1985, ikarudi Januari 1, 2015 kwa kiwango cha asilimia 5. Mwaka 2019 serikali ilipendekeza asilimia 12.5 na wabunge wakakataa. Kuanzia Januari 1, 2023 imekuwa asilimia 15, mara tatu ya ilivyokuwa. Nyumba ya kuishi ina msamaha usio na ukomo wa faida, jambo ambalo Mtanzania angelitamani. Uhamisho kati ya waliokuwa mume na mke chini ya makubaliano ya talaka nao hauguswi na kodi. Lakini msamaha wa nyumba una sharti: mmiliki awe ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 iliyotangulia uhamisho. Mfululizo, na iwe ile ya mwisho.

Fikiria nyumba ya Ongata Rongai yenye majina ya wote wawili. Gharama ilikuwa shilingi za Kenya milioni 5, sasa inauzwa milioni 14. Miaka minne iliyopita mke aliondoka na watoto usiku, akaenda kwa dada yake, kisha akapanga. Mume alibaki. Siku ya kuuza, mume kwa fungu lake ametimiza miaka mitatu na halipi kitu. Mke, kwa fungu lake lenye faida ya milioni 4.5, anadaiwa 675,000. Hakuna mahali katika fomu panapouliza kwa nini hakuwa akilala nyumbani kwake. Kama aliondoka kwa kupigwa, kama alifungiwa geti, kama mahakama yenyewe ilisema watengane, hesabu ni moja.

Na saa hiyo ya miaka mitatu inakwenda huku kesi ikiwa mahakamani. Sheria ya Mali za Ndoa ya mwaka 2013 inagawa mali kwa kufuata mchango, ikiutambua na ule usio wa fedha kama vile kulea watoto na kazi za nyumbani. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba nusu kwa nusu si ya moja kwa moja, kila upande uthibitishe ulichochangia. Kuthibitisha kunahitaji mashahidi, nyaraka, tarehe za kusikilizwa na kuahirishwa. Kila kuahirishwa kunamsogeza aliyeondoka mbali zaidi na msamaha, wala hakumgusi aliyebaki. Anayekalia nyumba ana kila sababu ya kutokuwa na haraka.

Mpangilio wa hatua unaweza kuliponya hilo. Wakikubaliana kwa hati ya talaka kwamba mke ahamishe fungu lake kwa mume kwanza, uhamisho huo hauna kodi, na mume ambaye ameishi humo mfululizo ndiye anayeuza baadaye na kumlipa mwenzake. Zile 675,000 zinabaki kwa watoto. Ugumu ni wa imani: mke anaachia jina kabla hajapokea fedha, na anamwachia mtu ambaye imani naye imekwisha. Ndiyo sababu kazi hii ni ya mawakili wa pande zote mbili, kwa ahadi ya maandishi ya wakili kwamba fedha ya mauzo haitatoka mikononi mwake kabla fungu la mke halijalipwa. Asiye na wakili asijaribu.

Nchi nyingine ziliwahi kuwa na kasoro ya namna hii na zikairekebisha. Uingereza iliwapa wanaotengana muda mpaka mwisho wa mwaka wa kodi tu, Aprili 5, kuhamishiana mali bila kodi, kiasi kwamba waliotengana Machi walikuwa na wiki chache na waliotengana Mei walikuwa na karibu mwaka mzima. Tangu Aprili 6, 2023 wana hadi miaka 3 baada ya mwaka waliotengana, na hakuna ukomo ikiwa uhamisho uko ndani ya makubaliano rasmi ya talaka. Marekani huruhusu kila muuzaji hadi dola 250,000 za faida bila kodi akiwa ameimiliki na kuishi katika nyumba kwa miaka 2 kati ya 5 iliyopita, na aliyehama anahesabiwa kuwa bado anaishi humo kwa muda wote ambao mtalaka wake ameruhusiwa na hati ya talaka kuitumia. Huko sheria inatambua kwamba kuna watu huondoka nyumbani bila kuiacha nyumba.

Watanzania walio Muscat, London au Texas waongeze jambo moja katika hesabu zao. Asiye mkazi wa Tanzania kwa maana ya kodi hutozwa kiwango kikubwa zaidi ya kile cha asilimia 10. Mume aliyefanya kazi ughaibuni miaka mingi na mke aliyebaki Tanga na watoto wanaweza kuwa na fungu sawa la nyumba moja na wakalipa kodi tofauti. Kwa Zanzibar, Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki, na mgogoro wa talaka unaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Lakini kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo kanuni za TRA nilizozieleza zinavuka maji.

Kwa aliye katikati ya jambo hili sasa hivi, mambo yenye uzito yanapaswa kuwamo ndani ya hati ya makubaliano kabla haijapelekwa mahakamani: kodi itatolewa kwenye fedha ya mauzo kabla ya mgawanyo au baada yake, nani atakwenda TRA, nani anashika nyaraka na nakala ziko wapi, nani anaandika ule uchaguzi wa maandishi na kwa masharti gani. Thamani ikadiriwe na mthamini aliyesajiliwa, kwa kuwa ofisi ya kodi haifungwi na bei ndogo ambayo wawili wameandikiana. Hata nyumba isiyo na hati, inayouzwa kwa mkataba mbele ya serikali ya mtaa, ina deni lile lile, hata kama hakuna Msajili wa kulikumbusha.

Mahakimu nao wanaweza kusaidia bila kungoja Bunge. Kifungu cha 114 kinawaelekeza kwenye usawa, na usawa wa thamani isiyotolewa kodi si usawa. Swali moja tu la kuwauliza mawakili kabla ya hukumu, kwamba nyumba hii ikiuzwa leo kitabaki nini, lingewaepusha watu wengi na kesi ya pili.

Kila Juni Bunge la Tanzania hupitisha Sheria ya Fedha, na la Kenya huwa na muswada wake kipindi hicho hicho. Dodoma inaweza kuipandisha ile milioni 15 mpaka ilingane na bei za nyumba za sasa na kuiwekea utaratibu wa kupitiwa mara kwa mara. Nairobi inaweza kuongeza kifungu kimoja kwenye msamaha wa nyumba ya kuishi: kwamba muda ambao mwenza yuko nje kwa sababu ya kutengana, huku mwenzake au watoto wao wakiendelea kuishi humo, uhesabiwe kuwa muda wake wa kuishi nyumbani. Hakuna kati ya hayo linalowasamehe wafanyabiashara wa majumba hata shilingi moja. Yanamhusu mama wa Rongai na familia ya Kigamboni, na mapendekezo ya wananchi hupokewa na kamati za Bunge kabla miswada hiyo haijapitishwa.